Kabla ya kununua sumu ya panya

Hapa Wete, mtu akisikia mkwaruzo darini usiku, asubuhi yake huenda sokoni kununua kipakiti cha sumu. Mimi naona hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu bado hajajua ni mnyama gani aliyemo nyumbani mwake wala anapitia wapi, na sumu haizibi tundu.

Katika nyumba zetu huwa tunawachanganya wanyama watatu. Wa kwanza ni panya wa dari, mwenye masikio makubwa na mkia uliozidi urefu wa kiwiliwili chake, ambaye hupanda ukuta, nguzo na mnazi bila ya taabu. Wa pili ni panya mdogo wa nyumbani, ambaye akishakomaa huwa na uzito wa gramu 20 hivi, na wengi humdhania kuwa ni mtoto wa yule wa kwanza; lakini mtoto wa panya wa dari hujulikana kwa kichwa na miguu ya nyuma iliyo mikubwa kuliko mwili wake unavyostahiki. Kinyesi nacho hakidanganyi: cha panya mdogo ni vipunje vya milimita 3 hadi 6, na cha panya wa dari hufikia milimita 12 hivi. Wa tatu si panya kabisa, bali ni kirukanjia, mwenye pua ndefu iliyochongoka, macho madogo mno, na harufu inayobaki chumbani baada ya yeye mwenyewe kupita. Kwa harufu hiyo watu humpiga kwa fagio, ilhali chakula chake hasa ni wadudu, wakiwemo mende ambao hatuchoki kuwalalamikia. Mimi humfungulia mlango akatoka.

Asiyekuwa na hakika anyunyize jivu laini kidogo kando ya ukuta kabla ya kulala, kisha asubuhi atazame nyayo na mburuzo wa mkia zimetokea wapi na kuelekea wapi. Panya hupenda kupita njia ile ile ubavuni mwa ukuta, na pale anapopita sana huacha weusi wa mafuta ya manyoya yake kwenye boriti.

Njia ikishajulikana, kazi kubwa ni kuziba. Panya mdogo hupenya tundu la milimita 6, yaani unene wa penseli, kwa hiyo uwazi chini ya mlango, ambao sisi tunauona si kitu, kwake ni lango. Katika nyumba za mawe na chokaa tazameni pale boriti zinapoingia ukutani; katika nyumba za udongo tazameni chini ya kiwambaza; na katika nyumba mpya tazameni tundu alilolitoboa fundi bomba na kuliacha wazi. Kujaza matambara au udongo mtupu ni kumpa kazi ya usiku mmoja tu. Shindilieni nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, kisha muweke saruji juu yake, na chini ya mlango mpigilie ukanda wa bati. Tawi la mwembe lililolalia paa likatwe, maana hilo ndilo daraja la panya wa dari.

Chakula ni vigumu zaidi kukilinda, kwa kuwa panya mdogo hutosheka na gramu 3 hivi kwa siku, na akipata nafaka kavu anaweza kuishi bila ya kunywa maji. Mchele ukae kwenye ndoo au pipa lenye kifuniko, si katika gunia. Dagaa na mbata vivyo hivyo. Na machicha ya nazi yasimwagwe nyuma ya jiko jioni kwa kisingizio cha kuku, ambao wakati huo wamekwisha kulala.

Mtego mmoja hautoshi. Jike la panya mdogo hubeba mimba kwa wiki tatu, huzaa watoto watano au sita, nao kabla ya kutimiza miezi miwili huwa tayari kuzaa. Tegeni mitego kadhaa kwa pamoja, upande wa chambo ukigusa ukuta, mkiachanisha mita 2 au 3, kwani panya mdogo hatembei mbali na kiota chake. Kipande kidogo cha nazi iliyochomwa, kikifungwa kwa uzi, humshinda. Yeye ni mdadisi, hukijia kitu kigeni. Panya wa dari ni mwenye shaka, hivyo muachieni chambo usiku kadhaa katika mtego usiotegwa, mpaka azoee.

Sumu, ikiwa hapana budi, isiwe ile isiyo na maandishi. Sumu nyingi za madukani huzuia damu kuganda na huua baada ya siku kadhaa, kwa hiyo panya huenda kufia darini, au huliwa na paka au bundi, nao wakadhurika. Pakiti isitupwe: mtoto akila, daktari atahitaji kuisoma, kwani sumu za aina hiyo hutibiwa kwa vitamini K.

Kinyesi kisifagiliwe kikavu. Kilowesheni kwa maji yenye klorini, mngoje dakika 5, ndipo mkipanguse mkiwa na glavu, kwani mkojo wa panya huweza kubeba vijidudu vya homa ya mgunda. Mzoga ufukiwe mbali na kisima, na mkeka uliokojolewa ufuliwe na kuanikwa juani kabla ya kulaliwa tena.