Mayai ya Pauillac

Asubuhi moja ya Februari 2011 nilivunja mayai 180 na sikula hata moja.

Nilikuwa mwanafunzi Bordeaux, Ufaransa, hali ngumu, nikasikia kuna kibarua cha siku moja Pauillac. Nikapanda treni. Pauillac ni mji mdogo kando ya mlango wa mto Gironde, wala huwezi kuudhania kitu, lakini Lafite, Latour na Mouton, watengenezaji wa mvinyo wa daraja la juu kabisa, wote wako hapo. Mimi nilipelekwa kwa jirani yao wa daraja la chini. Hata hivyo chupa yake moja ingenilisha wiki mbili.

Hayo madaraja yalipangwa mwaka 1855, Napoleon III, mfalme wa Ufaransa, alipokuwa anaandaa maonyesho makubwa ya Paris. Madalali wa mvinyo waliandika orodha kwa kufuata bei za sokoni. Tangu hapo aliyepandishwa ni Mouton peke yake, mwaka 1973. Kwetu hata ukoo wa chifu hauna uhakika kiasi hicho.

Ghalani kulikuwa na baridi ya kuuma vidole. Mapipa ya mwaloni, lita 225 kila moja, yamelala safu kwa safu na mvinyo wa 2009 ndani yake. Kazi yangu: ute wa mayai sita kwa kila pipa, chumvi kidogo, kisha kuupiga taratibu usije ukajaa povu. Ukishamiminwa, ute hunasa ule ukakasi mkali unaotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, ukazama nao. Baada ya wiki kadhaa mvinyo huhamishiwa pipa safi, mashapo yakabaki. Mzee wa ghala alinionyesha mshumaa anaoutumia siku hiyo: anauweka nyuma ya glasi, na akiona ukungu tu, anafunga.

Nilipofika yai la arobaini na kitu, kiini kikapasuka bakulini. Nikachukua kijiko nikitoe kimyakimya. Mzee alikuwa ameshaona. Alibeba bakuli lote, akalimwaga nje, akarudi akaniwekea jingine mbele yangu bila neno. Baadaye ndipo aliposema, "Kiini kina mafuta." Basi.

Mchana alivuta mvinyo kidogo kutoka pipani, akanipa. Mweusi kama maji ya rosela yaliyochemka mno. Ulimi wote ukakauka, mashavu yakavutana kana kwamba nimetafuna embe changa na ganda lake. Lakini nilipomeza, harufu ilibaki: mbao, moshi, tunda lisilo na jina kwetu. Ilikaa mpaka nikaona haya kuendelea kusimama pale nimefumba macho.

Nikamuuliza utakuwa tayari lini.

"Miaka ishirini. Mimi sitakuwepo."

Jioni nilirudi na viini kwenye mtungi niliofungiwa bure, nikampigia babu Kaloleni. Babu amegema mnazi maisha yake yote, asubuhi na jioni juu ya mti, na mnazi wake ukilala siku mbili hauuziki tena.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umefanya kazi gani leo?"

Nikamweleza yote, mpaka ile miaka ishirini. Akanyamaza kidogo.

"Na hao wateja," akauliza, "wanangoja wapi muda wote huo?"