Ua la mukuba

Juzi tukipita Fungurume kuelekea Kolwezi, huku Katanga, kusini mwa Kongo, mtoto wangu alibandika pua kwenye kioo cha gari akauliza, "Papa, miti ya vile vilima nani aliikata?" Msitu wa miombo ulikuwa nasi muda wote, mara vikatokea vilima vya nyasi tupu. Nikamwambia hakuna aliyekata. Mawazo yangu yalishafika kwa nkambo, babu yangu.

Nkambo ujanani alitembea porini na watafuta madini. Siku moja, mvua zimekatika, alinipandisha kilima kimoja. Njiani sikumbuki alisema nini. Juu, miti iliishia ghafla kana kwamba mtu alipiga mstari. Akachuchumaa. "Chuchumaa na weye, mujukuu." Mbele yetu palikuwa na kijimea kisichofika gotini, shina jembamba, maua ya zambarau, jamii moja na lumbalumba, yaani mrehani, tunayotia kwenye samaki. Chini yake vijiwe vya kijani vya malakiti, mawe yenye shaba. Alilishika shina kwa vidole viwili, bila kuling'oa. "Hili ni ua la mukuba, ua la shaba. Wazungu walitufuata sisi, sisi tulifuata hili. Udongo huu unaua muputu, mti wa miombo, lenyewe linakaa."

Baadaye nilijua jina lake la kitaalamu, Haumaniastrum katangense, na kwamba humea hata penye mabaki ya tanuru za wayeyusha mukuba wa kale, hadi wanaakiolojia wakazipata kwa kulitafuta. Vilima hivi vina aina zaidi ya 500 za mimea, na takriban 30 hazioti kwingine duniani. Baadhi huizuia shaba kwenye mizizi, nyingine huikusanya majanini bila kudhurika.

Kilima cha nkambo leo ni shimo. Siyachukii machimbo, ndiyo yaliyonisomesha. Ila nenda Penga Penga, upande ulikopeperukia moshi wa bomba kubwa la kiwanda cha mukuba cha Lubumbashi tangu uyeyushaji ulipoanza 1911: udongo kipara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipojaribu kuufunika, walipanda nyasi ya vilima vya mukuba, Microchloa altera, wakatia chokaa na mboji. Ikashika. Dawa ya ardhi tuliyoiharibu inaota palepale tunapopasua! Kabla tingatinga halijapanda kilima kingine, mtu atangulie na mfuko wa kukusanyia mbegu. Hilo naliomba kwa moyo wote, ingawa sina hakika kama mmea uliozoea sumu utakubali kulelewa bustanini.