Shangazi wa bi harusi

Mwaka 2014 nilikuwa na studio ndogo Ngamiani, Tanga, na harusi ndizo zilizonilipia pango. Jioni moja shangazi wa bi harusi alikuja kukagua picha kabla hazijaenda kuchapwa. Akavuta kiti mpaka kwenye kompyuta, akatazama weee, kisha akasema, "Mwanangu, kazi nzuri. Sasa mng'arishe kidogo. Bwana harusi mweupe, huyu anapotea."

"Rangi ya mtoto siibadilishi, shangazi."

"Kwani hii hujaigusa?"

Nilikuwa nimeigusa. Swali lake lilistahili jibu la kweli, kwa hiyo nikamfungulia faili ghafi, kama ilivyotoka kwenye kamera. Gauni na shela vilijaza picha nzima. Kipimo cha mwanga cha kamera hukisia kwamba kilicho mbele yake kina mwangaza wa wastani. Kikikuta weupe mwingi kinapunguza mwanga, na anayeumia ni mwenye uso mweusi. Macho ya bi harusi hayakuonekana. Mikono ilikuwa giza tupu. Nikaziongezea mwanga sehemu zenye giza polepole mbele yake: yakatokea macho, ikatokea hina, ua moja moja, mpaka vikonyo vyembamba vilivyoshuka kwenye vidole.

"Huyu ndiye mliyempamba," nikamwambia. "Kamera ndiyo iliyomficha."

Jambo hili linaniuma mpaka leo. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilisawazisha mashine kwa kadi za Shirley za Kodak, zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha rangi sahihi. Fundi aliyenifundisha chumba cha giza alikuwa akipitisha kiganja chini ya taa ya mashine ya kukuzia, akiukinga uso usitoke mweusi kupita kiasi huku akisubiri nguo itokee vizuri kwenye karatasi. Sikuwahi kumsikia mteja akimwita mwongo. Walijiona, wakalipa, wakaenda kutundika ukutani.

Shangazi hakutosheka. "Basi jaribu tu nione."

Nikaisogeza ngozi kwenye weupe. Uso ukang'aa kweli, lakini hina nayo ikafifia, ikabaki kama doa la chai kwenye kitambaa. Akainama karibu na kioo.

"Mbona hina imeondoka?"

"Imefuata ngozi, shangazi."

Yeye ndiye aliyekesha na mchoraji usiku ule. Akakaa kimya, kisha: "Rudisha."

Nikarudisha. Akagusa kioo kwa kidole. "Na hii chunusi je?" Chunusi niliifuta bila ubishi, wiki isingeisha kabla haijapona. Kidole kikahamia kwenye kidoti cha shavuni, nami nikajiandaa kubishana tena.

"Hicho kiache," akasema. "Ni cha marehemu mama." Kisha akaanza kunitajia nakala anazotaka, kubwa ikiwa ya sebuleni kwake.