Uso wa Saa ya Kale Usipakwe Rangi Upya

Saa za mkono ninazozipenda kuliko zote ni zile zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1930, mafundi walipokuwa bado wanatafuta namna ya kukifanya chombo kilichozoea mfuko kikae mkononi. Nyingi ni saa ndogo za mfukoni zilizolehemewa masikio mawili ya waya, moja juu na jingine chini, ili mkanda wa ngozi upate pa kupita. Mwaka 1904 Louis Cartier alimbunia rafiki yake, rubani Alberto Santos-Dumont, saa aliyoweza kuisoma bila kuachia usukani. Hata hivyo, wanaume wengi waliendelea kuiona saa ya mkono kuwa pambo la kike, hadi Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipodhihirisha kwamba askari aliye handakini hana nafasi ya kupekua mfuko.

Saa za mahandaki zina uso wa enameli nyeupe, yaani unga wa kioo uliochomwa juu ya bamba, tarakimu nene, na akrabu zilizoachwa wazi katikati ili zijazwe rangi ya radiamu, madini yenye mionzi, iliyong'aa gizani. Rangi hiyo leo haiwaki tena gizani, lakini kilichochoka ni zinki salfaidi iliyokuwa ikitoa mwanga. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1600 hivi kupungua nusu. Kwa hiyo asiikwangue mtu, kwa maana vumbi lake likivutwa puani ni hatari.

Ninapoichunguza saa ya fedha, huanza na kifuniko cha nyuma. Tangu Juni 1907, makasha ya saa ya dhahabu na fedha yaliyoingizwa Uingereza yalipaswa kupimwa na kupigwa mihuri huko, na mmojawapo ni herufi ya mwaka. Chini ya lenzi, herufi hiyo isiyozidi punje ya ulezi hunieleza kasha lilipimwa lini, nami huilinganisha na mtambo ulio ndani. Mtambo ukiwa wa miaka ya 1940 ndani ya kasha la 1915, basi hizo ni saa mbili zilizounganishwa, na bei yake sharti ilingane na ukweli huo.

Hata hivyo, uso ndio huamua. Enameli iliyochomwa tanuruni hubaki nyeupe hata baada ya miaka mia, na ufa wake mwembamba kama unywele huonekana ukiinamisha saa kwenye mwanga. Nyuso za chuma zilizopakwa rangi ya fedha, zilizoenea katika miaka ya 1920, hugeuka kahawia kidogo kidogo, na hizo ndizo wauzaji hupenda kuzipaka upya. Zilizopakwa upya utazitambua kwa vistari vya dakika visivyofika ukingoni kwa usawa na herufi zilizonenepa kuliko za asili. Mimi huchagua uso wenye madoa, kwa sababu uliochorwa upya umefuta kazi ya mkono wa kwanza, na kazi hiyo hairudi.

Kuzivaa kunawezekana, ila kwa adabu. Nyingi hazina kinga ya mshtuko, kwa hiyo pigo moja la mlango laweza kuvunja mhimili wa gurudumu la mizani, lile linaloyumba kuongoza mwendo wa saa, wala hazizuii maji. Mimi huzitia ufunguo asubuhi, taratibu, na kuzivua kabla ya kunawa mikono.