Natafuta nyumba karibu na upepo: kumbukumbu ya mradi wangu wa kaiti Uganda

Januari

Mradi huu una swali moja: niishi wapi Uganda ili niweze kuendesha kaiti (tiara kubwa inayomvuta mtu juu ya ubao majini) siku za kazi, si Jumapili peke yake? Nilijifunza Diani, pwani ya Kenya, ambako kusi ikishashika hakuna anayeuliza upepo uko wapi. Sasa kazi yangu iko Kampala, ni ya kompyuta, na mwajiri amekubali niifanyie nyumbani mradi intaneti isikatike. Kwa mara ya kwanza maishani naweza kuchagua nyumba kwa kufuata maji. Mke wangu ametoa masharti mawili: shule nzuri ya mtoto, na hospitali ya kueleweka karibu. Ni masharti ya haki na nimeyaandika juu kabisa ya daftari, kabla ya upepo.

Vifaa nilivyo navyo: kaiti ya mita 9 za mraba, nyingine ya mita 12, ubao mmoja, hanesi (mkanda wa kiunoni unaobeba mvuto wa kaiti), baa (fimbo ya kuongozea) yenye kamba za mita 24, pampu, jaketi okozi, na kipima upepo cha mkononi.

Februari: upepo wa ziwa

Mtu wa pwani akija huku lazima ajifunze upya. Kusi na kaskazi ni pepo za msimu, zikishika zimeshika kwa miezi. Ziwa Victoria lina upepo wake wa kila siku. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa iliyo juu yake inapaa, na hewa ya ziwani yenye ubaridi inaingia kuchukua nafasi. Basi kuanzia saa sita au saa saba mchana upepo unavuma kutoka ziwani, unakolea alasiri, na jua likielekea kuzama unalegea. Usiku mambo yanageuka: nchi inapoa, upepo unatoka bara kwenda majini. Pepo hizo za usiku zinakutana katikati ya ziwa, mawingu ya radi yanajijenga, na ndiyo sababu watu wa Entebbe huamshwa na ngurumo alfajiri.

Kutokana na hayo, asubuhi ikinyesha sana na mawingu yakagoma kuondoka, nchi haipati joto na mchana wake upepo ni wa kupeperusha kanga tu. Utabiri wa simu hausaidii sana hapo. Hata modeli ya hali ya hewa ya Ulaya, ECMWF, inaligawa ziwa katika vipande vya kama kilomita 9, na tofauti kati ya ghuba moja na nyingine inapotelea humo. Mimi natazama mawingu ya saa nne asubuhi na kuyaamini zaidi.

Lakini jambo zito ni muda. Upepo mzuri unadumu saa tatu au nne. Anayetoka kazini Kampala saa tisa, akakwama kwenye foleni, akafika ufuoni saa kumi na nusu, akajaza kaiti na kutandaza kamba, anaingia majini upepo ukiwa unaaga. Mtu huyo hata akipata ufuo bora kuliko zote nchini, hataufaidi. Kwa hiyo nimeweka kanuni ya mradi: kutoka mlangoni hadi majini isizidi nusu saa, na kama inawezekana niwe na mti ninaouona dirishani ukinijulisha. Ufuo wenye upepo wa wastani ulio karibu ninauweka juu ya ufuo mkali ulio mbali.

Juni hadi Agosti mambo huwa mazuri zaidi, kwa kuwa upepo wa kusini-mashariki unaovuma ukanda huu mzima unajumlishika na ule wa ziwa. Pwani ndiyo kusi. Huku inafika ikiwa imechoka kidogo, lakini inafika.

Hesabu nyingine inayosahaulika ni ya mwinuko. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Diani kwa zaidi ya asilimia 10. Kaiti inavutwa na uzito wa hewa inayoipiga, basi upepo uleule unavuta kidogo zaidi huku. Kaiti yangu ya mita 12 inafanya kazi ya mita 10 na nusu hivi. Kwa uzito wangu wa kilo 78 nahitaji ya mita 14 au 15, na ubao mpana.

Machi: Entebbe na viunga vyake

Kila niliyemuuliza alinijibu Entebbe, na kweli masharti ya mke wangu yanatimia pale bila jasho. Barabara ya mwendokasi iliyofunguliwa 2018 inaifanya Kampala iwe karibu. Ufuo upo na mchanga upo.

Tatizo langu la kwanza ni ndege. Njia kuu ya kurukia ya uwanja wa Entebbe imelala kaskazini-kusini kwenye rasi yenyewe, na ndege zinapita chini juu ya maji. Kaiti ikiwa angani iko zaidi ya mita 20 juu ya kichwa changu, na ukiruka inapanda zaidi. Kurusha kitu cha namna hiyo jirani na njia ya ndege si jambo la kujaribu bila ruhusa ya wenye mamlaka, na sitaki mchezo wangu uwe sababu ya rubani kushtuka. Fuo zilizo mbali kidogo na uwanja, upande wa Garuga, zina nafuu ya ndege lakini nyingi zimeshikwa na kuta za watu na matete.

Tatizo la pili ni maji yenyewe kupanda. Mei 2020 kipimo cha usawa wa ziwa kilichoko Jinja kilisoma mita 13.42, kikaipita rekodi ya 1964 kwa sentimita moja, na fuo nyingi za Entebbe zikazama pamoja na mabanda yake. Kwa kaiti nahitaji uwazi wa kama mita 50 kwa 50 usio na mti, nguzo wala waya wa umeme, kwa ajili ya kurushia na kushushia. Ufuo unaobakiwa na mita 6 za mchanga ziwa likijaa haunifai. Kisha kuna kanuni za mazingira zinazolinda mita 200 kutoka ukingo wa Victoria; nyumba inayogusa maji naikwepa hata kama kodi ni ndogo.

Munyonyo na Gaba niliziacha mapema. Ghuba ya Murchison imejikunja ndani, upepo unafika ukiwa umekatikakatika, na sehemu yake ya ndani ndiko mfereji wa Nakivubo unakomimina maji machafu ya jiji.

Aprili: Jinja, na Ziwa Albert kwa ufupi

Jinja naipenda. Ina watu wanaoelewa maisha ya majini, wa kayaki na rafu za Mto Nile, na ukisema "nakwenda kutazama upepo" hakuna anayekushangaa. Lakini Ghuba ya Napoleon ni nyembamba, imezungukwa na vilima, na mbele yake visiwa vya Buvuma vinakinga ziwa la wazi. Kwa kayaki ni hapo. Kwa kaiti, hapana.

Ziwa Albert liko chini zaidi, kama mita 620, kwa hiyo hewa yake ni nzito na joto lipo la kutosha. Kuna mamba. Sijaendelea.

Mei: Ssese

Kisiwa cha Bugala, katika visiwa vya Ssese, kimenitesa moyo. Meli kutoka Nakiwogo, bandari ya Entebbe, inachukua saa tatu na nusu hivi, na ukikaa sitahani unaona kwa macho jinsi upepo unavyobadilika ukitoka kwenye kinga ya bara. Ghuba ya Lutoboka, iliyo chini ya kilima cha mji wa Kalangala, ina mchanga mzuri na maji yaliyotulia kupita kiasi kwa matumizi yangu. Upande wa kusini unatazama ziwa la wazi, upepo ni wa kweli, mawimbi ni mafupi na yamebanana, tofauti na yale marefu ya bahari. Pale ndipo nilipoona upepo bora wa mradi huu wote.

Sharti la hospitali na shule ndilo lililofunga mjadala. Mtoto akiugua usiku, siwezi kumwambia mama yake tungoje kivuko. Ssese itabaki mahali pa kwenda likizo ya Julai.

Juni: mwaloni, upande wa Masaka

Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Nilipoendelea kugaagaa hadi upande wa magharibi ndipo mambo yalipoanza kukaa sawa. Huku ufuo unatazama mashariki, kwa hiyo upepo wa ziwa na ule wa kusini-mashariki karibu vinakubaliana mwelekeo, na vinakuja kwa pembe nzuri: vinakurudisha nchi kavu kitu kikikatika, badala ya kukupeleka Tanzania.

Mwalo mmoja (kituo cha wavuvi ufuoni) karibu na Lambu ulinifunza mengi kwa alasiri moja. Mwaka 2017 jeshi lilianza kusimamia uvuvi ziwani, na askari aliyeniona nikishuka kwenye boda na begi refu alinifuata moja kwa moja. Alinisemesha kwa Kiswahili, lugha ya jeshi.

"Ndani kuna nyavu?"

"Hapana, afande. Ni kaiti. Ni tiara kubwa inayomvuta mtu juu ya ubao."

"Fungua."

Nilimfungulia kila kitu kwenye nyasi. Alizishika zile kamba nne, akazipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, akazivuta, akauliza zinabeba kilo ngapi. Kamba nyembamba, imara, ndefu mita 24: machoni pa anayesaka nyavu haramu hicho ni kitu cha kuulizwa, na nilimwona yuko sahihi kabisa. Aliporidhika alinipeleka kwa mzee wa mwalo.

Mzee naye Kiswahili chake ni cha Mwanza. "Mwanangu, ziwa ni la wote, lakini angalia kule," akanionyesha mstari wa vipande vya ndala vinavyoelea. "Kila kipande kile kina wavu chini yake. Ubao wako ukiupitia, umepitia chakula cha mtu." Akanionyesha pia ni upande gani wa mchanga akina mama wanaanika dagaa, ili kaiti yangu isije ikawarushia mchanga juu yake. Tulikubaliana: nirushie kaskazini ya mwalo, baada ya mitumbwi ya sangara kurudi, na kijana mmoja nimfundishe kunishikia kaiti kwa malipo. Kijana alielewa upesi: shika ukingo wa mbele katikati, simama pembeni mwa upepo, usiachie mpaka nikupe dole gumba.

Alasiri ile kipima upepo kilicheza kati ya kilomita 20 na 26 kwa saa. Kaiti ya mita 12 ilinivuta kwa taabu.

Kichocho

Hili nataka liwe na sehemu yake, kwa kuwa wanamichezo wengi wanalipitia juujuu. Ziwa Victoria lina kichocho cha tumbo. Vimelea vinatoka kwa konokono wanaoishi kwenye majani ya ukingoni, na vinatoka zaidi mchana wa jua, saa zilezile tunazotaka kuingia majini. Kujifuta kwa taulo hakutoshi. Ninachofanya: naingilia penye mchanga mtupu, mbali na matete, sisimami kwenye maji ya magotini, na wiki kadhaa baadaye napimwa na kumeza prazikwanteli kwa maelekezo ya daktari. Dawa hiyo inaua minyoo iliyokomaa, haiui michanga, ndiyo maana kuimeza siku hiyohiyo uliyotoka majini ni kujidanganya.

Julai: Nabugabo

Kilichonimaliza ni Nabugabo. Ni ziwa dogo, kama kilomita za mraba 33, lililokatwa kutoka Victoria na ukuta wa mchanga miaka ipatayo 4,000 iliyopita. Kina chake hakifiki mbali, mita 5 hivi. Maji yake yana madini machache mno, konokono hawapati cha kujengea magamba, na wenyeji wanasema kichocho hakuna, wala kiboko wala mamba. Daktari nitaendelea kumwona. Upande wa magharibi kuna mchanga, na upepo unaokuja umepita juu ya kinamasi na msitu kabla ya kufika ziwani, kwa hiyo una mikupuo kidogo na nguvu yake ni pungufu kuliko wa Lambu. Maji lakini ni tambarare, mahali pazuri kabisa pa kumfundishia mtoto wangu na yule kijana wa mwaloni.

Kwa hiyo tunahamia upande wa Masaka, barabara ya Bukakata, ambayo sasa ni ya lami. Mji una hospitali ya rufaa na shule tulizozikagua pamoja mimi na mke wangu. Nabugabo iko ndani ya nusu saa yangu. Mwalo wa Lambu ni mbali zaidi, huo nitauendea siku ambazo mti wa dirishani unapinda kweli. Kampala nitakuwa naenda mara moja moja kwa mikutano. Ni kilomita 130 hivi, na nakumbuka Mei 2023 mto Katonga ulipovunja njia, kwa hiyo akiba ya siku moja naiweka kila safari.

Yaliyobaki: kaiti ya mita 15 ya mtumba inakuja kwa basi kutoka pwani, na picha zinaonyesha mchaniko wa kama shibiri moja karibu na ukingo wa nyuma. Nahitaji fundi anayejua kushona nailoni nyepesi bila kuitoboa hovyo, Masaka au hata Kampala. Nguzo ya kupimia upepo nitaisimika juu ya paa wiki ya kwanza ya Agosti, na vipimo vya kila alasiri vitaanza kuingia kwenye daftari hili.