Boti Ikaguliwe Kabla Haijakalafatiwa

Kaka yangu alipakia magunia ya dagaa katika boti ya mbao pale Kibirizi, bandari ya Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, mzigo wa kwenda Kalemie upande wa Kongo, na magunia ya chini yakafika yamelowa na kuanza kunuka. Mwenye boti alidai kuwa ni mawimbi yaliyoruka juu ya ubavu. Kaka yangu akashikilia kwamba maji yalipanda kutoka ngamani, yaani sehemu ya chini kabisa ya boti ambako maji hukusanyika, kwa kuwa magunia ya juu yalikuwa makavu. Jibu la ubishi huo lilikuwa ndani ya boti yenyewe, katika maungio ya mbao karibu na mkuku, ule mti mkuu wa chini ya boti. Hata hivyo, fundi alipopelekwa kuiangalia miezi ilikuwa imepita, mbao mbili zilikuwa mpya, na maungio yote yalikuwa yamekalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa zake, na kupakwa rangi. Mwenye boti hakuvunja sheria yoyote kwa kutengeneza chombo chake, kwani hakuna aliyekuwa ameiomba mahakama imzuie, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Sisi wa Kigoma tumezoea kuona mahakama ikihamia shambani kuangalia mpaka unaogombaniwa. Shamba halihami, na mti wa mpaka utaonekana hata mwakani. Boti leo iko Kibirizi, kesho iko Bujumbura, na keshokutwa huenda imeuzwa upande wa Kongo, ambako amri ya hakimu wetu haina nguvu.

Wenzetu wa baharini waliliona jambo hili zamani. Nchini Uingereza, kifungu cha 18 cha sheria ya Mahakama ya Bahari ya mwaka 1861 kilimruhusu mdaawa kuomba amri ya kukagua meli, ama kupitia manahodha wazoefu wa Trinity House (taasisi ya mabaharia ya huko) wanaomsaidia jaji, ama yeye mwenyewe na mashahidi wake. Sheria yao ya mwaka 1981 inaruhusu maombi hayo hata kabla kesi haijafunguliwa, na inataja kupiga picha, kuhifadhi, kuchukua sampuli na kufanya majaribio. Kwetu, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaipa mahakama uwezo wa kuamuru uhifadhi au ukaguzi wa mali inayogombaniwa, na pia wa mali ambayo swali lolote linaweza kuzuka juu yake katika shauri. Maneno hayo ya mwisho ni muhimu, kwa sababu kaka yangu hakuwa akidai boti. Alikuwa akidai thamani ya dagaa wake.

Wengi huchanganya ukaguzi na kukamata meli. Kukamata ni kuishikilia meli iwe dhamana ya dai, ilhali ukaguzi huchukua saa au siku chache, kisha chombo kinaendelea na safari.

Naamini kuwa neno “kukagua” peke yake halitoshi katika amri. Lazima itajwe nani anapanda, siku gani, nani anamwakilisha mwenye chombo, nani analipa gharama, na zaidi ya yote nini kifunguliwe. Fundi aliyeruhusiwa kutazama bila kung'oa mbao za sakafu na kuijaribu pampu ya ngama atarudi na picha za rangi tu. Katika meli kubwa ushahidi hupotea upesi zaidi: vinasa-safari, yaani vifaa vinavyorekodi mwenendo wa meli, vya viwango vya zamani vilitakiwa kutunza saa 12 tu kabla ya kujifuta, na vile vilivyofungwa melini tangu Julai 2014 hutakiwa kutunza angalau siku 30.

Shauri la kaka yangu lilianguka kwa kukosa uthibitisho wa mahali maji yalikotoka. Fundi aliapa na kueleza kwa uaminifu kwamba mbao alizozikuta hazikuwa zikivuja.