Siku moja maishani mwangu: Hiace iliyonyamaza

Saa 12 asubuhi. Hiace imelala gerejini kwetu Tabata tangu jana usiku, na nimemkataza dereva asiiguse. Tapeti ni vikombe vya chuma vilivyo kati ya valvu na kamu inayozisukuma; mwanya wake hupimwa injini ikiwa baridi. Ni daladala yenye injini ya Toyota 5L ya dizeli, silinda nne, valvu nane, yaani milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi. Ikiwa baridi inakwenda vizuri, ikipata moto inatetemeka na kukosa nguvu. "Lakini haina kelele hata kidogo, fundi," akaniambia jana. Neno hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Tapeti za shimu, zinazosetiwa kwa kisahani chembamba cha chuma, lazima zisikike kidogo. Zikinyamaza kabisa, mwanya umekwisha.

Saa 1. Kava ya tapeti imetoka. Nazungusha krenki kwa spana mpaka pua ya kamu, ile sehemu iliyochongoka, itazame juu, napitisha fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia mwanya. Upande wa kuingiza hewa unatakiwa 0.20 hadi 0.30 mm, ekzosi 0.40 hadi 0.50. Valvu saba zimo humo. Ekzosi ya silinda ya tatu: 0.05, tena kwa kubana. Valvu imekula kiti chake kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, ikawa inapanda kidogo kidogo kuifuata kamu. Chuma kikipata moto kinarefuka, mwanya unaisha, valvu haifungi tena. Isipokaa kwenye kiti haina pa kupozea joto lake, na mwisho wake ni kuungua. Tumeiwahi.

Saa 2. Shimu ya 5L inakaa juu ya kikombe cha tapeti, kwa hiyo kamshafti, shafti yenye kamu zote, haina haja ya kutolewa. Nakandamiza kikombe kwa kifaa chake, dogo anaichokonoa shimu kwa bisibisi nyembamba, sumaku inaidaka. Maikromita inasoma 2.85. Namwandikia dogo kwa chaki ukutani, shimu ya zamani, jumlisha mwanya uliopo, toa mwanya ninaoutaka: 2.85 + 0.05 − 0.45 = 2.45.

Saa 4. Gerezani, Kariakoo. Unene wa shimu unapishana kwa 0.05, na duka la kwanza wameishiwa 2.45. Jamaa mmoja ananishauri niisage ya zamani kwa grainda. Hapana! Ule uso umefanywa mgumu kiwandani, na kamu inasugua hapo hapo. Ukiusaga hautakuwa sawa wala mgumu, na itakayokufa ni kamshafti. Duka la tatu wanayo. Naipima hapo hapo kaunta.

Saa 7 mchana. Mzee mmoja ameleta Hilux ya petroli, injini ya 2TR, anataka nimsetie tapeti kwa sababu inagonga. "Mzee wangu, hii haina cha kuseti." Chini ya kila roka, mkono mdogo unaoisukuma valvu, kuna kipistoni kinachojazwa oili kwa presha, kinaziba mwanya chenyewe. Ikigonga sekunde chache tu ikiwashwa baada ya kulala, oili ilikuwa bado haijafika. Yake inagonga muda wote. Navuta stiki ya kupimia oili: oili nyeusi, na iko chini ya alama. Tunamwaga oili, tunajaza mpya, tunabadilisha filta. Dakika chache baadaye inatulia. Kumtoza mzee huyu hela ya kuseti tapeti ungekuwa wizi.

Saa 9. Shimu mpya imeingia. Nazungusha krenki mizunguko kadhaa ikae, napima tena: 0.45.

Saa 11 jioni. Dereva anawasha. Tik-tik-tik, chini chini. Anashtuka. "Fundi, mbona sasa inalia?"

Namwambia huo ndio mlio nilioutafuta tangu alfajiri. Tunaingia barabarani mpaka injini ipate moto, tunarudi, anaiacha sailensa, ingurume bila kukanyaga mafuta. Haitetemeki.